Aliyedai na Aliyesema

Faida wangu,

Umekwenda kusukwa nywele kwa Zawadi, na mkono wa Zawadi ninaujua: kabla ya jioni hutakuwa umerudi. Baba yako amepeleka begi lako kwa fundi kushona ile zipu ambayo nilisema tangu wiki jana kwamba haitafika hata mpakani Busia. Kwa hiyo nyumba imebaki yangu. Nimebandika maharage, nimefunga redio, nimekaa mezani kukuandikia kabla hamjarudi mkaanza kunizunguka.

Basi lako linaondoka kesho alfajiri. Sitakuandikia habari za soksi, wala za dawa ya malaria, wala kwamba Nairobi kuna baridi. Hayo baba yako amekwisha kukuambia mara tatu, na ukiyasahau utakohoa siku mbili na kujifunza. Ninakuandikia juu ya neno moja la gazeti, na juu ya uongo niliokuambia tangu ukiwa mtoto. Neno na uongo huo vinakwenda pamoja.

Unakumbuka Alhamisi ile ulipotuletea kazi yako ya majaribio, ile iliyokupatia ajira ya gazeti kule Nairobi. Baba yako aliisoma kwa sauti kama msomaji wa taarifa ya habari, na mimi nilikuwa nimejaa furaha mpaka nikasahau chai jikoni. Habari ilikuwa ya mama muuza chai. Uliandika kwamba mama huyo alidai kibanda chake kilibomolewa na tingatinga. Kisha ukaandika kwamba mhandisi wa barabara alisema kazi iliendeshwa kwa kufuata taratibu zote. Nikaomba nione picha. Kwenye picha tingatinga liko juu ya kibanda, na birika la yule mama linaonekana limelala chini ya gurudumu.

Nikakuuliza, tingatinga liko juu ya kibanda chake, mama huyu anadai nini tena?

Ukacheka. Ulinijibu kwa upole, sina ugomvi na hilo, ukasema, "Mama, ni lugha ya gazeti tu. Ndivyo inavyoandikwa. Nikibishana na mhariri siku ya kwanza, watanirudisha kwa basi lile lile."

Niliosha vyombo kwa kelele siku tatu, na wewe ukamwambia baba yako kwamba Mama anaumia kwa sababu ya safari. Ni kweli safari inaniuma. Lakini siku hizo tatu nilikuwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo haikuwa yako.

Unajua nilifanya kazi kwenye kile kigazeti cha Kiswahili, chumba kimoja juu ya duka la vipuri hapa Kyebando. Kurasa nane, mara mbili kwa mwezi. Wasomaji wetu walikuwa wafanyabiashara wetu wa Kongo na familia za askari kule kambini Naguru na Mbuya. Majirani Waganda walituuliza kwa nini tunaandika gazeti kwa lugha ya rungu na bunduki, maana kwao Kiswahili ni lugha ya askari anayekusimamisha njiani. Mimi nilijibu kwamba kwetu Bukavu ni lugha ya kubembelezea watoto. Nilikuwa mjeuri wa maneno wakati huo. Ujeuri wangu uliishia kwenye maneno, kama utakavyoona.

Mhariri wetu alikuwa Mzee Otim, askari mstaafu kutoka kaskazini, mtu mwenye mashati mawili na moyo mpana. Siku niliyoanza kazi hakunifundisha chochote. Alinirushia mezani furushi la magazeti ya zamani aliyokuwa akikusanya tangu ujana wake, ya hapa, ya Kenya, ya Tanzania, mengine yamegeuka rangi ya chai. Akaniambia, "Mama, soma hii yote. Halafu andika namna hiyo hiyo. Hii ndiyo mwalimu yako."

Nikasoma. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, hilo ndilo tatizo. Ndani ya mwezi mmoja niliandika kama magazeti yale, na Mzee Otim akasema nimezaliwa kuandika habari.

Sasa baada ya Alhamisi ile nilivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Lile ulilokuwa unalikalia ukila ndizi. Magazeti ya Mzee Otim aliyoniachia yamo yote, na yetu yamo, na nilikaa sakafuni na penseli nyekundu nikafanya kazi ambayo ningeifanya siku ya kwanza kama ningekuwa na akili. Kila mahali mtu anapofungua kinywa kwenye habari, nilipiga mstari chini ya kitenzi.

Baba yako alipita akauliza kama nimeanza tena kusahihisha daftari za watoto. Nikamwambia aketi asikilize.

Afisa akifungua kinywa, alisema. Akifungua mara ya pili, alieleza. Ya tatu, alifafanua. Mwenye kiwanda alibainisha. Mchungaji alisisitiza. Lakini muuza ndizi alidai. Kibarua wa shambani, kwenye gazeti la zamani kuliko mimi, alidai kwamba alipigwa, na msimamizi wake alieleza kuwa kibarua ni mvivu. Mke wa askari alidai kwamba mumewe harudi nyumbani. Mkimbizi alidai kwamba amekimbia. Katika magazeti yote yale, mtu wa hali yetu hakuwahi kufafanua kitu hata kimoja. Kuna habari moja mchungaji aliibiwa gari lake, na hakuna aliyeona ila yeye, na aliyeandika akaandika kwamba mchungaji alisema gari liliibwa. Ukurasa huo huo kuna mama aliyeibiwa mbuzi mchana, mtaa mzima ukimfukuza mwizi. Mama huyo alidai.

Baba yako alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akaacha kucheka. Akaniuliza, "Na ile ya Mama Riziki?"

Nikamwambia bado sijaifikia. Nilikuwa nimeiona tangu asubuhi, nikaifunika kwa nyingine.

Mama Riziki wewe unamjua kama Mama Mkubwa, wa nyumba ya tatu kutoka bombani, anayeuza dagaa, aliyekubeba mgongoni nilipokuwa kazini. Unaujua mkono wake wa kulia uliopinda kwenye kiwiko. Hujui kwamba alikuwa fundi cherehani, na tena fundi. Aliweza kukata gauni bila kipimo, kwa kukutazama tu ukipita.

Siku hiyo nilikuwa nimempelekea sketi yangu apunguze. Alishonea barazani pa duka la mtu, cherehani yake imeelekea barabarani. Wakaja askari wa soko kuondoa watu. Walianza na wauza nyanya, wakaja kwake, mmoja akashika cherehani. Mama Riziki akashika upande wa pili. Hakutukana wala hakupiga kelele, alishika tu. Askari akachukua rungu akampiga mkononi mara mbili. Nilikuwa nimesimama karibu kama ulivyo mlango na meza hii. Niliusikia mfupa. Nilivua kitenge changu nikamfunga mkono kwa kitenge hicho, nikampakia kwenye bodaboda, nikakaa nyuma yake kumshikilia mpaka kliniki. Damu yake ilikuwa kwenye blauzi yangu. Nikamwachia dada yake pale, nikaenda ofisini na blauzi hiyo hiyo, kwa sababu kesho yake gazeti lilikuwa linakwenda mtamboni.

Nikaandika, na habari hiyo iko mbele yangu sasa: "Mwanamke mmoja raia wa Kongo, mkazi wa Kyebando, amedai kuwa alivunjwa mkono na askari wa soko. Hata hivyo, mkuu wa askari hao alisema mwanamke huyo alijikwaa kwenye ngazi." Na juu yake: Na Mwandishi Wetu. Hakuna jina langu wala jina lake.

Pale barazani hapana ngazi hata moja, Faida. Pako sawa na barabara, mvua ikinyesha maji yanaingia dukani. Mkuu wa askari alinitajia ngazi kwa simu, na mimi niliyekuwa nimetoka hapo muda mfupi tu kabla nikaiandika ngazi, nikamwachia aseme.

Mama Riziki alipopata nafuu alipeleka malalamiko kwa kamati ya soko. Nilikwenda naye. Mwenyekiti alikuwa na gazeti letu mezani. Alilisoma mbele ya watu wote, kidole chake juu ya mstari, kisha akasema, "Hata gazeti yao wenyewe inasema huyu mama anadai tu. Sasa sisi tutafanya nini?" Watu wakaguna. Faili likafungwa siku hiyo hiyo. Nafasi yake barazani akapewa mwingine, mkono ukaunga vibaya, na cherehani aliiuza, maana mkono ule haukuweza tena kusukuma kitambaa chini ya sindano. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma. Sikusimama kusema kwamba nilikuwepo, kwamba niliona. Nilikuwa nasubiri kadi yangu ya ukimbizi ijibiwe, na niliona kila mtu mwenye meza kama mtu anayeweza kuikataa.

Hapa ndipo uongo wangu unapoingia. Ulipokuwa na miaka kumi hivi uliniuliza kwa nini Mama Mkubwa ana mkono uliopinda, nikakusimulia yote, na nikakuambia kwamba mimi niliandika ukweli ila Mzee Otim akabadilisha. Nilimwambia baba yako hivyo hivyo. Nilijiambia hata mimi, miaka mingi, mpaka nikamwona kabisa mzee wa watu akishika kalamu na kukata neno langu. Alipokufa nililia msibani, na moyoni nikasema nimemsamehe. Fikiria ujasiri huo.

Jumamosi nilifika chini ya sanduku. Mzee Otim hakutupa kitu, unajua askari wa zamani na makaratasi. Ndani ya gazeti lile ameweka karatasi yangu ya mkono, ile niliyompelekea. Mwandiko ni wangu. Kuna doa la kahawia pembeni, nadhani ni kutoka kwenye blauzi. Na neno ni hilo hilo, "amedai", limeandikwa mara moja kwa mkono uliotulia, bila kukatwa, bila kusita. Mzee Otim aligusa mahali pamoja tu. Pembeni ameandika kwa penseli: "Ngazi gani? Uliza tena." Na mimi sikuuliza tena.

Nilikaa sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu hata kabla hajalisema, na aliyelipa kwa kiungo chake ni mwingine. Hakuna aliyenishika mkono, mwanangu. Nilikuwa nimesoma magazeti mengi mno. Niliona kwa macho yangu, kisha nikaketi kwenye kiti, na kiti kikaandika.

Nakuambia haya kwa sababu wewe ni mwanafunzi wa tatu wa neno hili. Aliyeandika habari ya kibarua alimfundisha Mzee Otim bila kumjua, magazeti ya Mzee Otim yakanifundisha mimi, na wewe ulijifunza kusoma Kiswahili kwenye gazeti langu, juu ya sanduku lile, ukila ndizi. Ukaja ukaandika birika chini ya gurudumu na mama anayedai. Nilikasirika kwa sababu nilijiona.

Najua mhariri wako ataleta sababu, na sababu yake si ya kijinga. Atasema gazeti linaweza kushtakiwa. Atasema jambo ambalo mahakama haijaamua ni dai. Vizuri, mkubali. Mwambie basi na mhandisi adai, na msemaji adai, na mwenye kiwanda adai kwamba moshi wake hauna madhara. Utaona uso wake utakavyobadilika. Au mwambie wote waseme. Kusema hakumhukumu mtu, ni kinywa kilichofunguka na sauti ikatoka, na yule muuza chai kinywa anacho. Lakini ukiwa umesimama pale na umeona, usimwachie mtu mwingine mzigo wa macho yako. Andika umeona.

Naona nimeanza kuhubiri, na wewe husikilizi mahubiri hata ya Jumapili. Nimegeuza maharage, nimerudi.

Unaogopa watakurudisha. Mimi siwezi kukuahidi kwamba hawatakurudisha. Mimi nilinyamaza nikabaki na kazi, na kadi nikapata, na baadaye kigazeti kilikufa chenyewe kwa kukosa matangazo, kazi ikaondoka pia. Kadi iko kabatini. Mkono wa Mama Riziki uko pale pale ulipopinda. Sasa wanirudishie wewe kwa sababu umekataa kuandika ngazi ambayo haikuwepo, nitakuja mwenyewe stendi kukupokea, na nitabeba begi lako kichwani nipite nalo mtaa mzima wanione. Zipu itakuwa imetengenezwa. Wali utaukuta. Baba yako atanung'unika kidogo juu ya nauli, kisha atakuuliza ulimjibu nini mhariri, na atataka umsimulie mara mbili. Nyumba hii ni ya kupanga, lakini mlango wake unaufungua bila kubisha. Wasikutishe kwa basi.

Kuna jambo moja lilibaki, na nisingeweza kukuambia ufanye ujasiri wakati mimi bado namficha Mama Riziki, nyumba chache tu kutoka kwake. Leo asubuhi, ulipokuwa unaaga marafiki zako, nilikwenda kwa Mama Riziki na gazeti na ile karatasi. Nilimkuta anachambua dagaa kwenye ungo. Nilitaka kuanza mbali, nikashindwa. Nikamwambia ni mimi. Si Mzee Otim, ni mimi. Akasema nisome. Nikasoma ya gazeti, nikasoma ya mkono, ni maneno yale yale.

Hakuacha kuchambua. Alisema, "Mapendo, hii miaka yote uko unaniletea sukari kila mwezi. Nilijuaka ile sukari haiko ya bure."

Nikalia, sikuficha. Yeye hakulia. Aliweka ungo chini akapangusa mikono kwenye kitenge, ule mzima ukipangusa ule uliopinda, akauliza kama nina kalamu. Nilikuwa nayo. Akasema, "Sasa andika tena. Andika vile ulionaka."

Nikaandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake, na kila sentensi alitaka nimsomee. Nilipofika kwa mkuu wa askari niliandika kwamba alisema. Mama Riziki akanishika mkono. "Yule hapana," akasema. "Yule umuweke adai." Nikamwambia ndiyo, na kwa mara ya kwanza tulicheka, mpaka Riziki akatoka ndani kuangalia kuna nini. Hakuniambia kwamba amenisamehe, na sikumwomba aseme. Nilipokuwa natoka aliniambia sukari niendelee kuleta.

Nimeinakili hapa chini. Haina gazeti la kuichapisha, lile lilikwisha kufa, na wengi wa waliokuwepo wamehama. Lakini tumekubaliana, mimi na yeye, kwamba wewe ndiwe utakayeibeba. Siku utakapoketi kwenye kiti chako kule Nairobi na kidole kitake kwenda kwenye lile neno chenyewe, kama changu kilivyokwenda, itoe uisome.

Nasikia lango. Ni baba yako na begi.

Mama yako.


FUNDI AVUNJWA MKONO NA ASKARI WA SOKO

Na Mapendo, aliyekuwepo

Askari wa soko alimvunja mkono wa kulia fundi cherehani, Mama Riziki, barazani hapa Kyebando, alipokataa kuachia cherehani yake. Alimpiga kwa rungu mara mbili. Mama Riziki alifafanua kwamba cherehani ilikuwa yake, na kwamba mtu hukishika kilicho chake. Mkuu wa askari alidai kuwa fundi huyo alijikwaa kwenye ngazi. Pale hapana ngazi.